Holoborodko hakuwamo kwenye karatasi ya kura

Machi 27, 2019, siku nne kabla ya wananchi wa Ukraine kwenda kumchagua rais, kituo cha televisheni cha 1+1 kilianza kurusha msimu wa tatu wa tamthilia ya Sluha Narodu, yaani Mtumishi wa Wananchi. Mhusika mkuu ni Vasyl Holoborodko, mwalimu wa historia anayejikuta rais na kukataa kula rushwa. Mwigizaji wake ni Volodymyr Zelensky. Jumapili ya Machi 31, wapiga kura walipofunua karatasi ya kura walilikuta jina la Zelensky, na chama kilichomsimamisha kiliitwa Sluha Narodu.

Hakuna aliyefichwa kitu. Hakuna mpiga kura wa Kyiv wala wa Odesa aliyedhani Holoborodko ni mtu wa kweli mwenye kitambulisho na anwani ya nyumbani. Yote yalifanyika mchana kweupe, na ndiyo maana jambo hili linanishughulisha kuliko wizi wa kura wa kawaida. Wizi wa masanduku tunaujua, tuna majina yake na tuna namna ya kuulalamikia. Hili la tamthilia kuingia kwenye uchaguzi kwa miguu yake yenyewe, huku watu wakipiga makofi, bado hatujajua tulilalamikie wapi.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Tamthilia hii niliitazama YouTube, maandishi ya Kiingereza yakipita chini ya skrini, baada ya binti yangu kuniambia kuna rais wa kwenye tamthilia anayefundisha somo langu. Niseme mapema kwamba naipenda. Ni kazi nzuri, ina huruma kwa watu wa kawaida, na mwigizaji wake mkuu ana kipaji ambacho hakuna anayeweza kukibeza. Ninayoyalaumu hapa hayapunguzi hata chembe ya heshima hiyo.

Tazama sehemu ya kwanza. Kipindi cha historia kinakatizwa katikati. Wanafunzi wanatolewa darasani wakajenge vibanda vya kupigia kura. Asiyefundisha historia hawezi kujua jinsi tukio hilo lilivyo la kweli. Popote pale, ukija ugeni shuleni, ikitokea shughuli ya usafi au maandalizi ya sherehe, kipindi cha kwanza kukatwa ni cha historia, kwa kuwa kila mtu anaamini mambo yaliyopita yanaweza kusubiri. Holoborodko anabaki darasani na mwenzake mmoja, na hapo anapasuka. Anatukana. Anasema kwamba watu wanachagua kati ya mabaya mawili kila mwaka, kwamba wezi wanabadilishana viti, na kwamba yeye angekaa hata wiki moja tu pale juu angewaonyesha. Nje ya dirisha mwanafunzi anamrekodi kwa simu. Video inasambaa, watu wanachangishana fedha mtandaoni wamlipie dhamana ya kugombea, na asubuhi moja, katika ghorofa ndogo anamoishi na wazazi wake, anagombea zamu ya bafu huku Waziri Mkuu amesimama mlangoni akimwita Mheshimiwa Rais.

Kuanzia hapo tamthilia inaacha kabisa kujifanya kioo cha maisha. Plutarch na Herodotus wanajadili mambo ya rais mpya. Abraham Lincoln anamtokea na kuzungumza naye, Che Guevara naye anaingia, na Ivan wa Kutisha, yule mfalme wa Urusi wa karne ya 16, anabishana naye kuhusu njia ambayo Ukraine inapaswa kuishika. Wahakiki wetu wa fasihi wanaiita mbinu hii usasaleo, na msomaji wa Kiswahili anaijua tangu Euphrase Kezilahabi alipotuandikia Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, hadithi ambamo wafu, wanafalsafa na ndoto wanakaa meza moja na walio hai. Hadithi ya namna hiyo haikuombi uamini kuwa ilitokea. Inakuambia wazi kwamba imetungwa, kisha inakuuliza kama huo unaouita uhalisi nao haukutungwa na mtu.

Kuna tukio moja ambalo siwezi kulisahau. Simu ya rais inaita. Upande wa pili ni Angela Merkel, Chansela wa Ujerumani, anampongeza: nchi yako imekubaliwa kuingia Umoja wa Ulaya. Holoborodko anapagawa kwa furaha, anashukuru kwa niaba ya taifa zima. Kimya kidogo. Kisha sauti inauliza kwani hapo si Montenegro, samahani, nimekosea namba. Mtazamaji wa Ukraine alicheka, lakini ndani ya kicheko hicho mlikuwa na makaburi. Novemba 2013 Rais Viktor Yanukovych alikataa kutia saini mkataba wa ushirikiano na Umoja wa Ulaya. Watu wakajaa uwanja wa Maidan wakati wa baridi kali. Kufikia Februari 2014 waandamanaji takriban mia moja walikuwa wameuawa. Tamthilia ilianza Novemba 2015, jeraha likiwa bado bichi. Hadithi iliyotungwa ilikuwa inagusa mahali ambapo taarifa ya habari haikuthubutu kugusa. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa, na mpaka hapo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu unaanzia mwaka 2018, chama kilipotokea kikiwa na jina lile lile la tamthilia. Aliyekiongoza ni Ivan Bakanov, mkuu wa Kvartal 95, studio iliyoitengeneza tamthilia. Usiku wa Desemba 31, 2018, dakika ambazo kwa desturi rais huzitumia kulitakia taifa heri ya mwaka mpya, 1+1 ilimrusha kwanza Zelensky, akatangaza kwamba anagombea. Hotuba ya rais aliyekuwa madarakani, Petro Poroshenko, ikafuata baadaye. Katika siku za uchaguzi huo kituo hicho pia kilirusha filamu ya maisha ya Ronald Reagan, mwigizaji aliyekuwa rais wa Marekani, na sauti ya Kiukraine iliyomsemea Reagan ilikuwa ya Zelensky. Duru ya kwanza Zelensky akapata asilimia 30, karibu mara mbili ya Poroshenko. Duru ya pili, Aprili 21, akapata asilimia 73. Julai mwaka huo chama chake kikazoa viti 254 katika bunge la viti 450. Bakanov akapewa idara ya usalama wa taifa. Serhiy Shefir, mmoja wa waanzilishi wa studio, akawa msaidizi wa kwanza wa rais.

Wapo waliosema Waukraine walikuwa wajinga, walishindwa kutofautisha mchezo na maisha. Dharau hiyo siikubali. Hata sisi tunaambiwa hivyo hivyo kila mwigizaji wa Bongo anaposimulia alivyozomewa sokoni kwa sababu ya mhusika mkatili aliyemwigiza. Watu wanajua tofauti. Wanajua, na bado wanampenda au wanamchukia mhusika, kwa kuwa hisia haziombi kitambulisho. Amri Athumani wa Tanga alipofariki Agosti 2018, nchi nzima ilimlilia kwa jina la Mzee Majuto, na hakuna aliyechanganyikiwa. Tulikuwa tunamlilia mtu mmoja kwa jina alilotuchekeshea maisha yake yote.

Kosa halikuwa la watazamaji. Lilikuwa la wale waliomwacha mhusika atoe ahadi ambazo mgombea hakulazimika kuzitoa. Katika misimu miwili ya kwanza Holoborodko alipanda baiskeli kwenda kazini, akakataa misafara, akawatimua ndugu zake waliotaka kunufaika na jina lake, akawakabili matajiri wanaoimiliki serikali. Zelensky mgombea hakuwa na haja ya kusema hata moja kati ya hayo. Mikutano ya hadhara ya kawaida hakuifanya. Aliendelea na maonyesho yake ya vichekesho na video fupi za mtandaoni, na mahojiano marefu na waandishi wa habari aliyapunguza mno. Mpiga kura alikuwa ameshasikia ahadi sebuleni kwake, zimeandikwa na waandishi wazuri, zimepigiwa muziki. Ni kama mtu aliyekopa kwenye kikoba kwa jina la ndugu yake: siku ya marejesho, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole.

Ule msimu wa tatu uliorushwa wiki ya kura ndio unaonisumbua zaidi kama mwalimu. Ulikuwa na sehemu tatu tu. Unaanzia mwaka 2049, ndani ya darasa la chuo, ambako wanafunzi wanafundishwa historia ya nchi yao: jinsi Ukraine ilivyogawanyika vipande vipande baada ya uchaguzi wa 2019, na jinsi Holoborodko alivyotoka gerezani akaiunganisha upya. Ndani yake walikuwamo wanasiasa wa kubuni ambao watazamaji wengi waliwaona kuwa ni wapinzani halisi wa Zelensky waliokuwa kwenye karatasi ile ile. Fikiria hilo. Mpiga kura hakuambiwa kwamba ukiwachagua hawa nchi itaharibika. Hiyo ingekuwa kampeni, na wapinzani wangeijibu. Alionyeshwa kwamba nchi ilishaharibika, tayari imo kwenye mtaala, mhadhiri anaifundisha. Mambo yajayo yalivalishwa vazi la mambo yaliyopita. Katika kazi yangu hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo, maana mtu anaweza kubishana na utabiri, lakini mambo yaliyokwisha kutokea abishane nayo vipi?

Na kituo kilikuwa cha nani? 1+1 kilikuwa mikononi mwa Ihor Kolomoisky, tajiri ambaye benki yake kubwa, PrivatBank, ilitaifishwa Desemba 2016, chini ya utawala wa Poroshenko. Tamthilia inafunguka kwa matajiri watatu, nyuso hazionekani, wakiutazama mji kutoka juu na kupanga nani atakuwa rais. Mtazamaji aliyekaa kwenye kochi aliwachukia watu hao watatu, ilhali kipindi kilikuwa kinamfikia kwa fedha na mitambo ya mtu wa aina yao, mwenye kisasi chake na rais aliyekuwa madarakani. Miaka minne baadaye, Septemba 2023, Kolomoisky alikamatwa na vyombo vya Ukraine kwa tuhuma za udanganyifu na utakatishaji wa fedha. Lakini mwaka 2019 mkono wake haukuonekana kwenye skrini.

Linalonifanya niwe mkali ni kwamba jambo hilo hilo la kuchanganya hadithi na historia nimeliona likifanywa kwa uungwana, na limefanywa kwa Kiswahili. Nilikuwa nasahihisha insha za Kidato cha Tatu kuhusu Vita vya Majimaji. Binti mmoja, mwenye hati nzuri na akili ya kudadisi, aliandika yale ambayo Kinjeketile, nabii wa vita hivyo, alimwambia Kitunda, akayafunga ndani ya alama za kunukuu kabisa, kama ushahidi wa sababu za vita. Nikamwita ofisini.

"Haya maneno umeyatoa wapi?"

"Kwenye kitabu, madam."

"Cha historia?"

Akasita. "Cha fasihi. Lakini madam, si ni Kinjeketile yule yule?"

Nikachukua tamthilia ya Ebrahim Hussein kabatini, ile ya mwaka 1969, tukafungua kurasa za mwanzo. Kabla ya onyesho la kwanza, mwandishi anamwambia msomaji bila kuzunguka kwamba Kinjeketile wake ni zao la fikra zake, ingawa aliwahi kuwapo mtu wa kweli mwenye jina hilo. Binti akasoma, akarudia kusoma. Nikamweleza ninayoyafundisha: kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na kwamba mengi tunayoyajua juu yake tumeyapata kwa wazee waliohojiwa miaka zaidi ya sitini baadaye, pale Gilbert Gwassa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda Umatumbi kuwasikiliza. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kwa nini basi anamwamini zaidi huyu wa kwenye mchezo. Kabla sijajibu alijijibu mwenyewe: "Huyu anaongea, madam. Wa kwenye historia hasemi kitu."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo kuhusu uchaguzi wa Ukraine wa 2019, japo mtoto yule hakuwa akiizungumzia Ukraine. Holoborodko aliongea kwa miaka mitatu na nusu. Mgombea alinyamaza. Na tofauti kati ya Hussein na Kvartal 95 ni kwamba Hussein alisimama mlangoni mwa kazi yake akakuonyesha mpaka ulipo, kisha akakuacha uingie ukifurahia. Watu wa Kvartal 95 waliupaka rangi mpaka huo hadi usionekane, kwa sababu kutoonekana kwake kulikuwa na kura ndani yake.

Nisieleweke kwamba nataka tamthilia zikae mbali na siasa. Januari 2024 kituo cha ITV cha Uingereza kilirusha Mr Bates vs The Post Office, hadithi ya mawakala wa posta zaidi ya mia tisa waliohukumiwa kwa wizi na makosa mengine ambayo hawakuyafanya, kosa likiwa la mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Magazeti yalikuwa yameandika, mahakama zilikuwa zimesikiliza, uchunguzi wa serikali ulikuwa unaendelea, na bado nchi ilikuwa haijashtuka. Tamthilia ya usiku nne ikaishtua. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Rishi Sunak akatangaza kwamba sheria itatungwa kuwasafisha, na Mei mwaka huo sheria ikapita. Hapo pia waigizaji walivaa nafsi za watu halisi, tena kwa majina yao. Lakini hakuna aliyekuwa anaomba kura kupitia mchezo ule, na kila tukio ungeweza kulipima kwenye nyaraka za uchunguzi wa hadharani. Kivuli kilikuwa kinakuelekeza kwenye mwili.

Tumtendee haki Zelensky kwa yaliyofuata. Usiku wa Februari 25, 2022, siku moja baada ya majeshi ya Urusi kuivamia nchi yake kwa mara ya pili, alisimama barabarani mjini Kyiv pamoja na Waziri Mkuu na wasaidizi wake, akashika simu mwenyewe, akajirekodi akiwaambia wananchi kwamba wote wapo na hawajaondoka. Mtu yeyote aliyewahi kumtazama Holoborodko aliutambua ule mkao wa kamera, uso karibu, taa za mtaani nyuma, hakuna jukwaa. Ufundi ulikuwa wa studio. Hatari ilikuwa ya kweli, na makombora hayakuandikwa na mtu wa Kvartal 95. Usiku ule alisema kwa mdomo wake mwenyewe, akajiweka rehani kwa alichokisema. Ndiyo maana dunia ilimwamini, nami nilimwamini.

Kuhusu rushwa hali ni nyingine, na rushwa ndiyo iliyompa Holoborodko maisha. Julai 22, 2025, Zelensky alitia saini sheria iliyoziweka taasisi mbili za kupambana na rushwa, NABU na SAPO, chini ya Mwendesha Mashtaka Mkuu, ambaye rais ndiye humteua. Jioni hiyo hiyo vijana walijaa kwenye uwanja wa Ukumbi wa Ivan Franko, karibu na ofisi ya rais, wakiwa na mabango ya maboksi waliyoyaandika kwa kalamu nene. Waliendelea kurudi jioni baada ya jioni, vita ikiendelea, na Julai 31 bunge likarudisha uhuru wa taasisi hizo. Wengi wa waandamanaji wale walikuwa watoto wa shule tamthilia ilipoanza kurushwa. Novemba mwaka huo huo, NABU hiyo hiyo ikatangaza uchunguzi wa fedha zinazokadiriwa kufikia dola milioni 100 katika sekta ya nishati, na miongoni mwa watuhumiwa yumo Timur Mindich, mmiliki mwenza wa Kvartal 95. Hizo ni tuhuma, na ni kazi ya mahakama kuzipima. Lakini nawaza kuhusu mpiga kura wa 2019 anayetaka kuuliza ahadi ya uadilifu imefikia wapi. Hotuba ya kampeni iliyoitoa haipo. Iliyopo ni tamthilia, na mwenye kuulizwa ana haki ya kujibu kwamba ule ulikuwa mchezo.

Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuipenda hadithi ya mwalimu wa historia anayekuwa rais, kwa kuwa kwetu ilitokea. Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955. Lakini yeye alipanda jukwaani Mnazi Mmoja kwa jina lake, akazunguka nchi akiulizwa maswali na wakulima, na aliyoyasema yakawa deni lake, la Azimio la Arusha likiwamo. Kuna wanaomlaumu hadi leo kwa baadhi ya ahadi hizo. Wanaweza kumlaumu, kwa sababu ni zake.

Vivyo hivyo wasanii wetu walioingia bungeni. Joseph Mbilinyi, Sugu, alishinda Mbeya Mjini mwaka 2010. Joseph Haule, Profesa Jay, akashinda Mikumi mwaka 2015. Hamis Mwinjuma, MwanaFA, akashinda Muheza mwaka 2020. Jirani zetu Kenya walicheka na kundi la vichekesho la Redykyulass likimwiga Rais Moi akiwa bado madarakani, ujasiri ambao vijana wa leo hawaujui uzito wake. Mmoja wa waigizaji hao, John Kiarie, alikuja kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, mchezo ule ukiwa umekwisha siku nyingi. Umaarufu uliwasaidia wote, ndiyo. Lakini waliomba kura kwa midomo yao, na mpiga kura alijua akawadai wapi. Sina neno na msanii anayegombea.

Lakini haitachukua muda mrefu kabla ya hili la Ukraine kubisha hodi kwetu. Tamthilia zetu zimekua, zinatazamwa kila jioni kuanzia Kigoma hadi Lamu, vituo vina wenyewe na wenyewe wana maslahi yao. Siku moja atatokea mwigizaji anayependwa, akiigiza diwani mwadilifu au waziri asiyehongeka, na mwenye kituo mwenye haja ya kumweka mtu wake. Sheria ikiwa kimya, yale ya Machi 27 tutayaona kwetu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Siku mtu anapochukua fomu ya kugombea, tamthilia anayoigiza isimamishwe, ya zamani na mpya, kwenye runinga na kwenye chaneli za mtandaoni za walioitengeneza, hadi matokeo yatangazwe. Chama kisisajiliwe kwa jina la kipindi kilichopo hewani. Mwenye kituo aliye na mgombea atangaze hilo kwenye skrini, kwa maandishi yanayosomeka. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, waliandike jambo hili bayana kwenye kanuni kabla ya uchaguzi wa 2030, wasisubiri liwatokee. Waandishi wa tamthilia, nanyi nawaomba mumsome Ebrahim Hussein, kurasa zile za mwanzo. Na wewe mpiga kura, akija kwako mgombea unayempenda kwa sababu ya mhusika aliyemwigiza, mpokee kwa heshima, kisha mwombe aseme ahadi zake yeye, kwa jina lake, mbele ya watu, na uziandike.